Komanda: Je, raia anyamaze ili alindwe? Jibu la China na jibu la Ituri

Kwenye njia panda ya Komanda, pale barabara ya taifa namba 4 inayotoka Beni kwenda Mambasa na Kisangani inakutana na namba 27 inayoelekea Bunia na Mahagi, kuna hoja moja inayorudi kila mara watu wanapoongea siasa. Inasema hivi: demokrasia imetuletea nini? Tazameni China. Hakuna vyama vinavyogombania kiti, hakuna maandamano kila wiki, lakini barabara zipo, viwanda vipo, na Wachina ndio wanaokuja kutafuta dhahabu kwetu, sisi hatuendi kuitafuta kwao. Basi tupewe usalama kwanza. Uhuru wa kusema utakuja baadaye.

Hoja hiyo haitoki kwa watu wasiofikiri. Inatoka kwa watu waliozika ndugu zao, walioacha mashamba ya kakao yakiiva bila mvunaji, waliolala kwa jamaa huko Bunia miezi na miezi. Mtu aliyepitia hayo ana haki ya kuuliza kura inamsaidia nini. Kwa sababu hiyo anastahili kujibiwa kwa tarehe na matukio, si kwa hotuba.

Na matukio yapo. Hoja ya "usalama kwanza, uhuru baadaye" imekwisha kupimwa mara mbili mbele ya macho yetu. Imepimwa China kwa zaidi ya miaka 70, na imepimwa hapa Ituri tangu mwezi wa tano 2021. Pande zote mbili, raia wenyewe wametoa jibu linalofanana: serikali isiyoulizwa maswali inapoteza hata uwezo wa kujua hatari inakotoka.

Siku 30 zilizogeuka miaka

Tarehe 6 mwezi wa tano 2021, utawala wa kijeshi ambao wote tunauita état de siège ulianza katika majimbo ya Ituri na Kivu ya Kaskazini. Rais Félix Tshisekedi aliutangaza kwa lengo moja: kumaliza makundi yenye silaha. Liwali wa raia akatoka, akaingia Luteni Jenerali Johnny Luboya Nkashama. Wakuu wa miji na wa wilaya nao wakapisha maafisa wa jeshi na wa polisi. Wabunge wa jimbo wakapoteza kazi yao ya kumuhoji liwali. Kesi za jinai za raia zikapelekwa kwenye mahakama za kijeshi. Wakuu wa kijeshi wakapewa uwezo wa kupekua nyumba mchana na usiku na kukataza mikutano ao maandishi waliyoona yanavuruga utulivu.

Wengi walishangilia, na walikuwa na sababu. Katiba ya 2006, kifungu cha 144, inasema hali kama hiyo inadumu siku 30, kisha inaweza kurefushwa kwa vipindi vya siku 15. Watu walihesabu mwezi mmoja, labda miwili. Hesabu hiyo imepita miaka 4. Kila siku 15 kibali kinatoka Kinshasa, kwa kura ya bunge ao, bunge likiwa likizoni, kwa uamuzi wa serikali iliyopewa ruhusa na bunge hilohilo. Mwaka wa 2021 wabunge waliotoka Ituri na Kivu ya Kaskazini walifikia hatua ya kususia kura hiyo. Kibali kikapita bila wao.

Tuseme ukweli pande zote. Askari wengi wamekufa katika misitu ya Irumu na Mambasa. Tangu tarehe 30 mwezi wa kumi na moja 2021 jeshi la Uganda limeingia kushirikiana na FARDC dhidi ya ADF, na kuna kambi za waasi zilizovunjwa. Hakuna mtu wa Komanda anayetaka askari waondoke.

Lakini tazama kalenda. Usiku wa kuamkia tarehe 31 mwezi wa tano 2021, wiki 3 na siku chache tu baada ya état de siège kuanza, zaidi ya watu 50 waliuawa Boga na Tchabi, kusini mwa wilaya yetu. Mwezi wa tisa mwaka huohuo, msafara wa magari uliosindikizwa na jeshi ulishambuliwa katikati ya Komanda na Luna. Na usiku wa kuamkia tarehe 27 mwezi wa saba 2025, ADF waliingia katika kanisa katoliki la Komanda, watu wakiwa kwenye mkesha. MONUSCO ilihesabu angalau watu 43 waliouawa, kati yao wanawake 19 na watoto 9. Nyumba na maduka yalichomwa moto.

Baada ya usiku huo maswali yalikuwa mepesi, ya aina ambayo kila mzazi angeuliza. Nani alikuwa na zamu ya kulinda? Habari za mwenendo wa waasi zilimfikia nani, na saa ngapi? Kwa nini msaada haukufika mapema? Katika inchi inayohesabika kuwa ya kidemokrasia, maswali kama hayo yana mahali pa kuulizwa: bunge la jimbo, mkutano wa hadhara, maandamano ya amani mbele ya ofisi ya mkuu wa wilaya. Chini ya état de siège, mahali hapo pote pamefungwa ao panafunguliwa kwa hiari ya yule anayepaswa kujibu.

Waliojaribu kuuliza

Kuna waliojaribu, na tunajua yaliyowapata. Vuguvugu la Lucha, lililozaliwa Goma mwaka wa 2012 na vijana waliodai maji, kazi na usalama, lilikuwa kati ya wa kwanza kusema kwamba état de siège haileti matokeo. Tarehe 11 mwezi wa kumi na moja 2021, polisi wa Beni waliwakamata vijana wake waliokuwa wakipinga kurefushwa kwa hali hiyo. Tarehe 1 mwezi wa nne 2022, mahakama ya kijeshi ya Beni iliwahukumu 12 kati yao miezi 12 ya gereza. Walikuwa raia, hawakushika silaha, na walihukumiwa na maafisa wa jeshi kwa kukosoa utawala wa jeshi. Kabla ya hukumu hiyo, tarehe 24 mwezi wa kwanza 2022, mwenzao Mumbere Ushindi, kijana wa miaka 22, alipigwa risasi Beni wakati polisi walipotawanya maandamano, akafa.

Amnesty International ilichapisha ripoti juu ya majimbo haya mawili mwezi wa tano 2022, ikionyesha jinsi état de siège ilivyotumiwa kunyamazisha wakosoaji, kati yao wanaharakati na wabunge. Mwezi wa nane 2023 serikali yenyewe iliita mkutano Kinshasa kutathmini hali hiyo, na mwezi wa kumi Rais akatangaza kwamba italegezwa hatua kwa hatua. Lakini liwali wa kijeshi akabaki Bunia, na vibali vya siku 15 vikaendelea.

Kwa mujibu wa karatasi, Mkongomani ana haki zake zote. Kifungu cha 26 cha katiba kinamruhusu kuandamana. Anachotakiwa ni kuijulisha serikali kwa maandishi, hatakiwi kuomba ruhusa. Kifungu cha 61 kinataja haki ambazo hata état de siège haiwezi kuzigusa: haki ya kuishi, kutoteswa, kujitetea mbele ya sheria, uhuru wa mawazo, wa zamiri na wa dini. Tatizo letu haliko kwenye karatasi. Na hapo ndipo hadithi ya China inapoanza kutuhusu.

China wanayotuonyesha, na Wachina wasioonyeshwa

Katiba ya China ya 1982, kifungu cha 35, inawapa raia uhuru wa kusema, wa vyombo vya habari, wa kukutana, wa kuunda mashirika na wa kuandamana. Anayesema kwamba demokrasia ni kitu cha Wazungu kisichowahusu Wachina asome kwanza karatasi hiyo, kisha asome majina ya Wachina waliofungwa kwa kudai kwamba itekelezwe.

Mwisho wa 1978, miaka miwili baada ya kifo cha Mao Zedong, watu wa Beijing walianza kubandika maandishi kwenye ukuta wa Xidan. Mmoja wao, Wei Jingsheng, alikuwa fundi wa umeme. Chama kilikuwa kimetangaza mambo manne ya kuifanya inchi iwe ya kisasa: kilimo, viwanda, ulinzi na sayansi. Wei aliandika kwamba yote hayo yatapotea bila jambo la tano, yaani demokrasia. Mwaka wa 1979 alihukumiwa miaka 15.

Miaka kumi ikapita. Tarehe 15 mwezi wa nne 1989 Hu Yaobang alikufa, kiongozi aliyekuwa ameondolewa kwenye uongozi wa chama kwa kuonekana mpole mno kwa wanafunzi. Wanafunzi walikusanyika uwanja wa Tiananmen kumlilia. Walidai mazungumzo na serikali, magazeti huru, na viongozi watangaze mapato yao na ya familia zao. Sisi dai hilo la mwisho tunalo katika kifungu cha 99 cha katiba yetu, kinachomtaka rais na mawaziri watangaze mali zao mbele ya mahakama ya katiba.

Hawakuwa wanafunzi peke yao. Wafanyakazi waliunda umoja wao usiotegemea chama, na kati ya wasemaji wake alikuwa Han Dongfang, fundi wa umeme wa reli. Tarehe 20 mwezi wa tano 1989 serikali ilitangaza utawala wa kijeshi Beijing. Usiku wa tarehe 3 kuamkia tarehe 4 mwezi wa sita, askari na vifaru walifungua njia kwa risasi. Waliokufa ni mamia, na wengine wanasema zaidi. Zhao Ziyang, mkuu wa chama aliyekataa kutumia jeshi, aliondolewa kazini na akafungiwa nyumbani kwake hadi kifo chake mwaka wa 2005.

Hapa kuna jambo la kutufikirisha. Utawala wa kijeshi wa Beijing, ulioanza na kumwaga damu namna ile, uliondolewa mwezi wa kwanza 1990. Haukufikisha miezi 8. Wetu, ulioahidiwa siku 30, unahesabiwa kwa miaka. Haimaanishi kwamba Bunia ni Tiananmen. Tofauti ni kubwa, na sisi tuna vita halisi msituni. Inamaanisha tu kwamba hata chama cha kikomunisti cha China kiliona aibu ya kuongoza mji kwa amri ya jeshi mwaka baada ya mwaka.

Kilichobaki kimefungwa China ni swali lenyewe. Ding Zilin, mwalimu wa chuo kikuu, alipoteza mtoto wake wa miaka 17 usiku ule. Pamoja na wazazi wengine walianza kukusanya majina ya waliouawa, mmoja mmoja, nyumba kwa nyumba, hadi orodha ikapita majina 200. Hawakuomba kuipindua serikali. Waliomba mambo matatu: ukweli, fidia, na wahusika wajibu mbele ya sheria. Kwa ajili ya orodha hiyo walifuatwa na polisi, wakazuiwa kutoka nyumbani kila mwezi wa sita ulipokaribia. Mzazi wa Komanda hahitaji mkalimani ili amwelewe mama huyo.

Baadaye walifuata wengine. Tarehe 10 mwezi wa kumi na mbili 2008, Wachina 303 walitia sahihi waraka ulioitwa Mkataba wa 08, wakidai uchaguzi, mahakama huru na mgawanyo wa mamlaka. Liu Xiaobo, mmoja wa walioutayarisha, alihukumiwa miaka 11. Alipewa tuzo ya Nobel ya amani 2010 akiwa gerezani, na alikufa mwezi wa saba 2017 bila kuachiwa. Huko Hong Kong, mwaka wa 2019 watu waliandamana kwa wingi usiopata kuonekana pale. Tarehe 30 mwezi wa sita 2020 sheria ya usalama wa taifa ikaja, na wengi wa viongozi wao sasa wako gerezani ao uhamishoni. Tazama jina la sheria hiyo. Ni neno lilelile: usalama.

Ukimya uliua

Wanaotupa China kama mfano wana hoja moja nzito, na tusiikwepe. Benki ya Dunia inahesabu kwamba katika miaka 40 karibu Wachina milioni 800 walitoka katika ufukara. Hakuna inchi nyingine iliyofanya hivyo kwa kasi ile.

Lakini uliza ni lini. Maendeleo hayo yalianza baada ya 1978, wakati chama kilipolegeza mkono, wakulima wakaruhusiwa kulima kwa faida yao na watu wakaanza kufanya biashara. Wakati mkono ulipokaza zaidi, matokeo yalikuwa mengine. Kati ya 1958 na 1962 Mao alitaka inchi iruke mbele kwa nguvu. Wakuu wa vijiji waliogopa kusema mavuno ni mabaya, wakaandika takwimu za uongo. Serikali ikachukua nafaka kwa kufuata takwimu hizo, na wakulima wakabaki bila chakula. Wataalamu wanakadiria waliokufa kuwa kati ya milioni 15 na milioni 45. Njaa hiyo ilitoka zaidi katika woga kuliko katika mvua.

Mfano wa karibu zaidi wote tunaukumbuka, kwa kuwa ulitufungia makanisa na masomo hata hapa. Tarehe 30 mwezi wa kumi na mbili 2019, Li Wenliang, daktari wa macho wa Wuhan, aliwaonya wenzake juu ya ugonjwa mpya. Siku chache baadaye polisi walimwita na kumtia sahihi karatasi inayosema ameeneza uongo. Tarehe 7 mwezi wa pili 2020 alikufa kwa ugonjwa huohuo. Mtu aliyetoa taarifa ya hatari alichukuliwa kuwa ndiye hatari.

Na wakati raia walipokataa kunyamaza, serikali hiyohiyo yenye nguvu ilisikia. Mwezi wa kumi na moja 2022 nyumba iliungua Urumqi, watu 10 wakafa, na wengi waliamini kwamba vizuizi vya Covid viliwazuia kutoka. Vijana wa Shanghai, Beijing na miji mingine walitoka barabarani wakishika karatasi nyeupe zisizo na neno lolote, kwa sababu maneno yote yalikatazwa. Baadhi walikamatwa. Lakini tarehe 7 mwezi wa kumi na mbili serikali ililegeza masharti. Karatasi tupu ilileta kile ambacho miaka 3 ya kunyamaza haikuleta.

Sisi tulikwisha kulipa bei hiyo

Kuna sababu nyingine ya kutodanganyika na mfano wa China: Kongo iliwahi kuujaribu. Mobutu alikwenda Beijing mwezi wa kwanza 1973 na akarudi tena mwishoni mwa 1974. Alipenda alichokiona: chama kimoja, kiongozi mmoja, umati unaoimba. Mwaka wa 1974 MPR iliandikwa katika katiba kuwa ndiyo taasisi moja ya inchi, na kila Muzairwa alizaliwa mwanachama. China ikatujengea Palais du Peuple huko Kinshasa, iliyomalizika mwaka wa 1979. Ni humo humo ambamo wabunge wanakutana leo, na ni humo ambamo état de siège yetu inarefushwa.

Tulichukua kutoka Beijing mdomo uliofungwa. Viwanda havikufuata. Hakukuwa na wa kumuuliza Mobutu pesa za shaba zilikwenda wapi, na mwisho wa miaka hiyo barabara ya Komanda-Mambasa ilikuwa imemezwa na msitu na askari hawakulipwa. Askari asiyelipwa na serikali isiyohojiwa: hapo ndipo vita vya Ituri vilipopata mlango.

Wakongomani nao hawakusubiri Mzungu awafundishe kusema hapana. Tarehe 1 mwezi wa kumi na moja 1980 wabunge 13 walimwandikia Mobutu barua ya kurasa 52 wakieleza jinsi inchi inavyoharibiwa. Walifungwa, wakapelekwa uhamishoni vijijini. Tarehe 15 mwezi wa pili 1982 UDPS ikazaliwa, wakati kuunda chama kulikuwa uhalifu. Tarehe 24 mwezi wa nne 1990 Mobutu alikubali vyama vingi. Na tarehe 16 mwezi wa pili 1992 wakristo walitoka makanisani Kinshasa na miji mingine, wakidai mkutano mkuu wa kitaifa ufunguliwe tena. Askari walifyatua risasi, watu wengi wakafa.

Kati ya wale wabunge 13 alikuwamo Étienne Tshisekedi. Mwana wake ndiye rais aliyetia sahihi état de siège ya 2021. Hatusemi hivyo kwa kejeli. Tunasema kwa sababu familia hiyo, kuliko nyingine nyingi, inajua kwamba barua ya kurasa 52 haikuwa uasi. Ilikuwa onyo, na kama lingesikilizwa inchi ingeokoa miaka mingi.

Anayetoa taarifa ndiye mlinzi wa kwanza

Turudi Irumu. Kila mtu anayejua vita hivi anajua namna vinavyokwenda. ADF hawatangazi siku. Anayewaona kwanza ni mkulima aliyekwenda kuchuma kakao, mwindaji, mama aliyekwenda kisimani, dereva wa pikipiki aliyepita njia ya Eringeti. Jeshi lenyewe linaomba kila siku: toeni taarifa. Mashirika ya raia yanapokea taarifa hizo na kuzipeleka juu.

Sasa fikiria mtu huyo. Ametoa taarifa, hakuna aliyekuja, na kijiji kimechomwa. Akiuliza hadharani kwa nini, anaweza kuitwa msaliti ao mshirika wa waasi, na kesi yake ikasikilizwa na maafisa wa jeshi. Mara ya pili atafanya nini? Atachukua watoto wake usiku na kukimbilia Bunia bila kumwambia mtu. Taarifa moja imepotea, na pamoja nayo labda kijiji jirani. Ndiyo maana uhuru wa kusema, kwetu, si mapambo ya baada ya vita. Ni sehemu ya ulinzi wenyewe, kama redio ya askari na gari lake.

Wakuu wa kijeshi wana jibu lao, na lina uzito. Wanasema maandamano katika eneo la vita yanaweza kupenyezwa na watu wa makundi yenye silaha, na kwamba tumeona maandamano yakigeuka vurugu. Ni kweli: mwezi wa saba 2022 maandamano dhidi ya MONUSCO huko Goma, Butembo na kwingine yaliacha watu zaidi ya 30 wamekufa. Hakuna anayetaka hayo Komanda. Lakini hatari hiyo inajibiwa kwa kupanga njia, saa na ulinzi wa maandamano, pamoja na walioyaandaa. Kukataza yote kunawaachia uwanja wale wasioomba njia wala saa, wanaotoka na mapanga.

Na tusisahau kwamba upande wa pili wa mstari hakuna anayetoa mfano bora. Goma, ambako Lucha ilizaliwa, iko mikononi mwa AFC/M23 tangu mwezi wa kwanza 2025, na huko anayekosoa yuko katika hatari kubwa zaidi. Hiyo ni sababu nyingine kwa serikali kuonyesha tofauti. Mwanainchi wa Ituri akiulizwa kwa nini anasimama na Jamhuri, jibu lake lingepaswa kuwa jepesi: kwa sababu hapa naweza kuuliza.

Kinachoweza kufanyika bila kungoja

Hakuna katika haya kinachohitaji katiba mpya wala pesa kutoka nje. Bunge linaweza kukataa kurefusha état de siège kabla ya kupewa hesabu ya siku 15 zilizopita, jimbo kwa jimbo: mashambulizi mangapi, taarifa ngapi zilipokelewa, ngapi zilijibiwa, pesa gani zilitumika. Raia asiyeshika silaha anaweza kurudishwa kabisa mbele ya mahakimu wa kiraia. Wakuu wa wilaya wanaweza kufungua mkutano wa hadhara kila mwezi katika vituo vikubwa kama Komanda, ambapo mkaaji anauliza na afisa anajibu, na hakuna anayekamatwa akitoka. Na majina ya waliouawa, kutoka Boga na Tchabi hadi kanisa la Komanda, yanaweza kuandikwa katika orodha moja ya serikali, ili wazazi wa hapa wasilazimike kuikusanya kwa kujificha kama wale wa Beijing.

Kwa wale wanaosema tungojee China itufundishe, somo liko tayari. Chama cha kikomunisti kilikuwa na jeshi kubwa kuliko letu, pesa nyingi kuliko zetu na magereza mengi kuliko yetu, na bado kwa miaka zaidi ya 40 fundi wa umeme, mama mwalimu, daktari wa macho na vijana wenye karatasi nyeupe wameendelea kurudi na swali lilelile. Swali hilo halikuletwa na mtu kutoka ng'ambo. Linazaliwa popote mtu anapoona nyumba ya jirani inaungua na kuambiwa asiulize nani alikuwa na zamu.

Komanda imeliuliza tangu mwezi wa saba 2025. Kibali kinachofuata cha siku 15 kingekuwa nafasi nzuri ya kulijibu.